Kusahihishana Miongoni mwa Wanaojifunza Kiingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yametokana na miaka kadhaa ya kukaa katika kikundi cha watu wazima wanaojifunza Kiingereza mjini Moshi, wengi wao wakiwa wapagazi wa mlimani wanaotaka kuwa waongoza watalii, wauguzi, wenye maduka, na wazazi wanaotaka kuwasaidia watoto wao walioingia sekondari. Hatukuwa na mwalimu wa kudumu, kwa hiyo kila sahihisho lilitoka kwa mwenzetu ambaye naye alikuwa akichapia vilevile. Maswali yafuatayo ndiyo yaliyorudi mara nyingi zaidi kila alipoingia mtu mpya.

Sote tunajifunza. Nani ana haki ya kumsahihisha mwenzake?

Wengi huuliza jambo hili kwa kutaja kipofu anayemwongoza kipofu, na hoja yao ina uzito, kwa sababu mtu mwenye Kiingereza cha kuombea maji anaweza kweli kumharibia mwenzake sentensi iliyokuwa nzima. Hata hivyo, watu wawili wanaojifunza ni nadra kupungukiwa mahali pamoja. Muuguzi aliyesoma kwa vitabu vya Kiingereza chuoni huandika vizuri lakini husitasita anapozungumza, ilhali mpagazi aliyezoea wageni huzungumza bila kigugumizi lakini hajui kwamba neno "equipment" haliongezwi "s" hata vifaa vikijaa gari zima. Wakikaa meza moja, kila mmoja ana cha kumpa mwenziwe.

Pia nyani haoni kundule. Anayezungumza huwa ameshikwa na maana anayotaka kuifikisha, na akili yake haina nafasi ya kuchunguza umbo la kila neno, lakini anayesikiliza ana nafasi hiyo. Sharti tulilojiwekea ni moja: mtu asitoe hukumu asiyoweza kuitetea. Ukiwa na hakika, sema na ueleze sababu. Ukiwa na shaka, leta shaka yenyewe mezani kwa kusema kwamba wewe ungelitamka au kuliandika jambo hilo namna nyingine, kisha mtafute pamoja. Shaka iliyoletwa kwa unyofu ilitufundisha mengi kuliko masahihisho yaliyotolewa kwa kujiamini kupita kiasi.

Je, tusahihishe kila kosa tunalolisikia?

Hapana. Sisi tulianza hivyo, na baada ya majuma machache nusu ya watu walikuwa wamenyamaza kabisa. Tangu hapo tukashika utaratibu wa kuanza na kosa linalopotosha maana, kisha lile linalojirudia kwa mtu yuleyule, na kuyaacha mengine yapite.

Makosa yanayopotosha maana mara nyingi hutoka katika Kiswahili chenyewe, na ndiyo maana Mswahili mwenzako huyatambua upesi kuliko hata mgeni kutoka Uingereza, ambaye husikia sentensi iliyonyooka kisarufi na kuiamini. Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni saa. Safari ya kwenda kileleni mwa Kilimanjaro kutoka kambi ya Kibo kwa kawaida huanza karibu na saa sita usiku, na mwenzetu mmoja, mpagazi, alikuwa akijizoeza kuwaambia wageni "six at night". Mgeni akisikia hivyo ataelewa saa kumi na mbili jioni, wakati wa kula chakula cha jioni. Kadhalika "two in the morning" kwa maana ya saa mbili asubuhi itamwamsha mtu saa nane za usiku. Hapa hakuna haya ya kumkatiza mtu.

Mfano wa pili ni jibu la swali la kukanusha. Ukiniuliza, "Hujala?" nami sijala, nitajibu, "Ndiyo," nikikubaliana na kauli yako. Katika Kiingereza, swali "Haven't you eaten?" likijibiwa "Yes", muulizaji ataelewa kwamba umekula, na hutapewa chakula. Aliye na njaa hujibu "No". Kosa hili halionekani kirahisi kwa sababu kila neno lake ni sahihi, na nimelisikia hata kwa watu wenye shahada.

Kuna pia kitenzi chetu "kuazima", ambacho huenda pande zote mbili, ilhali Kiingereza kina "borrow" kwa anayechukua na "lend" kwa anayetoa. Kwa hiyo "Niazime kalamu" hugeuka kuwa "Borrow me a pen". Kiambishi "-me-" nacho kina mtego wake. "Mgeni amelala" maana yake ni kwamba sasa hivi yumo usingizini, lakini "The guest has slept" humweleza Mwingereza kwamba mgeni amekwisha kupata usingizi wake, na huenda yuko macho. Anayetaka kusema amelala aseme "is asleep", na hivyo hivyo kwa amesimama, amekaa na amevaa. Mwisho ni viwakilishi: kwa kuwa "yeye" hakibagui mume na mke, mtu husimulia habari za mama yake kwa "he" hadi msikilizaji aanze kujiuliza huyo mwanamume ameingia lini katika hadithi.

Kuhusu vineno "a" na "the", ushauri wangu ni kuviacha wakati wa mazungumzo. Kiswahili hakina kitu kama hicho, huchukua miaka mingi kuvizoea, na kuvikosa ni nadra kumpoteza msikilizaji. Vishughulikiwe katika maandishi.

Nimkatize anapozungumza, au nisubiri amalize?

Subiri, isipokuwa maana imepotea au mnafanya mazoezi ya sentensi maalumu ambayo mwenzako ataitumia kazini kesho. Anayesubiri aandike pembeni maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, kwa sababu mtu hukubali haraka zaidi anapoonyeshwa alichosema kuliko anapoambiwa kwa ujumla kwamba nyakati zake zimevurugika.

Kusubiri kuna faida nyingine. Mwaka 1967 mwanaisimu wa Uingereza S. Pit Corder alitenganisha kosa linalotokana na mtu kutoijua kanuni na kosa la kuteleza tu ulimi kwa haraka, uchovu au wasiwasi. La pili mwenyewe huligundua na kulirekebisha akipewa nafasi. Njia rahisi ya kuyatofautisha ni kumwomba mzungumzaji arudie sentensi yake; akiirudia vizuri, alikuwa ameteleza na hakuna cha kumfundisha, lakini akiirudia vilevile mara mbili, hapo pana kazi ya kufanya. Corder alisisitiza pia kwamba kosa la aina ya kwanza ni dirisha la kuonea namna mwanafunzi anavyoijenga lugha akilini mwake. Kwetu sisi hilo lilisaidia kubadili swali kutoka "Kwa nini umekosea?" kuwa "Ulitaka kusema nini kwa Kiswahili?", na mara nyingi jibu la swali hilo la pili lilitosha kulifichua kosa na chanzo chake.

Nitumie maneno gani ili nisimwaibishe?

Maneno yana umuhimu mdogo kuliko hatua unazofuata. Kwanza rudia sehemu ya sentensi yake iliyo sahihi hadi pale penye kosa, kisha nyamaza. Mtu akisema "Yesterday I go to the clinic," wewe sema "Yesterday I…" na umtazame. Mara nyingi atamalizia mwenyewe. Asipoweza, mpe dokezo kwamba jambo lenyewe limekwisha kutendeka. Akishindwa bado, mpe jibu.

Wengi wetu tunapenda njia ya adabu zaidi, yaani kuirudia sentensi yote ikiwa imenyooshwa, kana kwamba tunaitikia tu: "Oh, you went to the clinic." Njia hii haiumizi, lakini pia ni rahisi isisikike. Roy Lyster na Leila Ranta, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu madarasa ya shule ya msingi nchini Kanada ambako watoto walifundishwa kwa Kifaransa, waliona kwamba zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya namna hiyo, na kwamba ndiyo yaliyoitikiwa kidogo zaidi na wanafunzi, ilhali yale yaliyomlazimu mwanafunzi atafute jibu mwenyewe yaliitikiwa kwa wingi. Watoto wa Kanada si wapagazi wa Moshi, lakini nimeliona jambo lilelile: mtu husikia ameitikiwa, akafurahi, akaendelea na "I go" yake.

Jambo moja tulilikataza tangu mwanzo, nalo ni kucheka. Kucheka pamoja na mtu aliyejicheka mwenyewe kunaruhusiwa. Mwenzetu aliyesema "I hear a bad smell" alipogundua kwamba pua yake imepewa kazi ya sikio, alicheka kuliko sisi sote.

Mwenzangu ni mkubwa kwangu kwa umri au kwa cheo. Itakuwaje?

Heshima haiondoki kwa kuwa tumebadili lugha. Kijana anayemwambia mtu wa rika la baba yake "That is wrong" mbele ya watu amemkosea adabu, hata kama sarufi iko upande wake. Namna iliyofaa kwetu ni kuuliza maana badala ya kutaja kosa, na kuuliza kwa Kiswahili: "Shikamoo, mzee. Samahani, naomba kuelewa kidogo. Pale uliposema 'two in the morning', ulikuwa na maana ya asubuhi au usiku wa manane?" Mzee ataliona mwenyewe, na atakuwa ndiye aliyelisahihisha.

Wakubwa nao wana wajibu wao. Kikundi chetu kilibadilika siku mama mmoja, muuguzi aliyekaribia kustaafu, aliposimama na kusema kwamba anawaomba wanawe wote walio humo wamsahihishe matumizi ya "he" na "she", na kwamba atakayenyamaza atakuwa amemnyima. Kuanzia hapo tuliona ni vyema kila mtu, mkubwa kwa mdogo, ataje mwanzoni mwa kikao jambo moja au mawili anayotaka yafuatiliwe. Sahihisho lililoombwa halimvunjii mtu heshima, na anayesahihisha anajua mahali pa kutega sikio.

Nimepewa sahihisho ninaloona si sahihi. Nifanyeje?

Shukuru, liandike, kisha lichunguze. Usibishane papo hapo, kwa kuwa ubishi wa watu wawili wasio na hakika hula muda wa wengine wote. Kamusi zilizotungwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza zina faida kubwa hapa, kwa sababu hazitoi maana peke yake. Huonyesha pia neno linavyokaa katika sentensi. Ukitafuta "discuss" utaona kwamba hufuatwa moja kwa moja na jambo linalojadiliwa, bila "about", ambayo sisi huiongeza kwa kufuata "kujadiliana kuhusu". Ukitafuta "advice" utaelezwa kwamba haina wingi.

Mara nyingine pande zote mbili zina haki. "Colour" na "color" ni Uingereza na Marekani tu, na hakuna aliyekosea ilimradi mtu asichanganye mitindo katika waraka mmoja. Tulikuwa na ubishi wa juma zima juu ya "learnt" na "learned", na zote zinakubalika. Jambo hili lilitufundisha kabla ya kusahihisha kujiuliza kama tumewahi kuliona neno limekatazwa mahali popote, au tumezoea tu namna moja.

Je, Kiingereza tunachozungumza Afrika Mashariki ni makosa yanayopaswa kuondolewa?

Swali hili linahitaji uangalifu, na katika kikundi hatukukubaliana kikamilifu. Mtu akijikwaa mbele yako ukamwambia "Sorry", Mkenya au Mtanzania mwenzako ataelewa kwamba umempa pole. Mwingereza anaweza kukujibu kwamba si kosa lako. Vivyo hivyo mtu anayetoka chumbani akisema "I'm coming", kwa kuwa "Nakuja" yetu humaanisha atarudi sasa hivi, humwacha mgeni akishangaa anayedai kuja huku akiondoka.

Maoni yangu ni kwamba matumizi ya namna hii yaelezwe bila kuitwa makosa. Kiingereza kimepokea mengi kutoka kwetu, "safari" likiwa neno linalojulikana duniani kote, na mwaka 2022 kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford iliongeza fungu zima la maneno na matumizi ya Afrika Mashariki. Anayesahihisha aseme nani ataelewa na nani hataelewa, kisha amwachie mwenye sentensi achague. Mwongoza watalii ana sababu ya kuepuka "I'm coming". Mwalimu wa Arusha anayezungumza na mwalimu wa Nairobi hana.

Na matamshi?

Sahihisha sauti inayogeuza neno kuwa neno jingine, na uiache lafudhi. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu karibu ishirini, kwa hiyo "hat", "hut", "heart" na "hurt" hukaribiana sana vinywani mwetu. Muktadha huokoa mengi. Usipookoa, kama inavyotokea kwa "fifteen" na "fifty" pale muuguzi anapotaja kipimo cha dawa, hapo lazima kusimama na kurudia mpaka tofauti isikike.

Mkazo nao husahaulika. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, lakini Kiingereza huuhamisha: "photograph" hukazwa mwanzoni, "photographer" katika silabi ya pili, "photographic" katika ya tatu. Mgeni asiyekuelewa mara nyingi ametatizwa na mkazo kuliko sauti. Kwa upande mwingine tuna bahati ambayo wanafunzi wa nchi nyingi hawana: anayetofautisha "thamani" na "samani" tayari ana sauti ya "think", na mwenye "dhahabu" ana sauti ya "this". Asiyezitofautisha katika Kiswahili aanzie huko.

Kusahihisha maandishi kuna utaratibu tofauti?

Upo, kwa sababu maandishi hubaki na yanaweza kurudiwa. Kosa kubwa la wasahihishaji wapya ni kuandika upya barua yote ya mwenzao. Mwenye barua hupokea Kiingereza safi kisicho chake, na juma lijalo huleta barua yenye makosa yaleyale. Piga mstari chini ya mahali penye tatizo, usiandike jibu, na mrudishie. Kwanza, hata hivyo, mweleze kama umeelewa anachotaka, kwa kuwa barua ya kuomba kazi isiyotaja kazi inayoombwa haitaokolewa na sarufi.

Wapo wataalamu wanaotilia shaka zoezi zima. John Truscott alitoa hoja mwaka 1996 kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya wanaojifunza lugha ya pili hakusaidii na kuachwe, naye Dana Ferris akampinga mwaka 1999. Mimi naegemea kwa Ferris, lakini nadhani Truscott ana haki juu ya ukurasa uliojaa wino mwekundu: hakuna ninayemjua aliyejifunza kitu kutoka kwenye ukurasa wa namna hiyo.

Nikisahihishwa naona aibu hadi nasahau nilichotaka kusema. Je, nitazoea?

Aibu hiyo ina historia. Nchini Tanzania Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi za umma tangu mwaka 1967, kisha mtoto akifika kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza kwa ghafla. Wengi wetu tunakumbuka shule ambako aliyekutwa akizungumza lugha nyingine alivishwa kibao shingoni na kukaa nacho hadi ampate mwingine wa kumkabidhi. Mtu aliyejifunza Kiingereza kwa namna hiyo huisikia kila kauli ya kusahihisha kama kibao kinachorudi.

Kilichosaidia kwetu ni mambo madogo. Mzungumzaji alikuwa na ruhusa ya kusema "Ngoja nimalize", na hakuna aliyeruhusiwa kuipinga. Tulisahihishana wawili wawili kabla ya kusahihishana mbele ya wote. Na mtu aliyechoka aliweza kutangaza kwamba leo anazungumza tu, hataki masahihisho.

Programu za simu zinasahihisha papo hapo. Wenzangu bado wana faida gani?

Programu ni nzuri kwa tahajia na kwa "s" iliyosahaulika. Lakini ukiiandikia "We shall leave at two in the morning" haitaona kosa lolote, kwa sababu haijui kwamba ulifikiri kwa saa za Kiswahili. Mwenzako anajua.

Tunaruhusiwa kueleza sahihisho kwa Kiswahili?

Ndiyo, na tunapendekeza hivyo. Kueleza tofauti ya "has slept" na "is asleep" kwa Kiingereza cha kubahatisha kutaongeza giza. Eleza kwa Kiswahili, kisha mrudi kwenye Kiingereza mara moja.

Nikishasahihishwa, nifanye nini na sahihisho hilo?

Daftari dogo linatosha. Upande wa kushoto andika sentensi yako kama ulivyoisema, upande wa kulia ile iliyonyooshwa, na chini yake sentensi nyingine mpya ya kwako yenye kanuni ileile, ambayo ni muhimu kuliko zile mbili. Kabla ya kikao kinachofuata chagua mistari mitatu, si zaidi, na uitafutie nafasi ya kuitumia kwa makusudi. Mpagazi niliyemtaja hapo juu aliandika "midnight" kwenye ukurasa wa kwanza, akaitumia kila siku kwa mwezi mzima hata alipokuwa akiongea na mkewe nyumbani, na siku alipoongoza kundi lake la kwanza wageni wote walikuwa wamevaa viatu saa sita kasoro robo.